Kinywa cha Mbwa na Paka: Yanayopaswa Kuangaliwa Nyumbani

Mazungumzo kwa wakazi wanaofuga mbwa na paka



Mbwa hulinda boma usiku na paka huzuia panya wasimalize mahindi ghalani. Wanyama hawa wawili hufanya kazi kubwa bila mshahara, lakini mara nyingi hakuna anayewafungua kinywa kuangalia kilichomo. Ng'ombe akikosa kula siku moja, afisa wa mifugo huitwa. Mbwa akikosa kula siku tatu, husemwa kwamba amezeeka. Huenda hajazeeka, ila ana jino bovu.

Meno yao yalivyo

Mbwa mzima ana meno 42 na paka mzima ana meno 30. Wanapozaliwa hawana jino hata moja. Meno ya utotoni huanza kutoka wakiwa na umri wa wiki tatu hivi: 28 kwa mbwa na 26 kwa paka. Wakifikia miezi sita au saba, meno hayo huwa yameng'oka na ya ukubwani yameshika nafasi. Jino la utotoni likibaki kando ya lile jipya, chakula hunasa katikati na ufizi huharibika mapema. Jino kama hilo hung'olewa na daktari wa mifugo. Halivunjwi nyumbani kwa koleo.

Ugonjwa unaowasumbua zaidi wanyama hawa kinywani si kutoboka kwa meno kama ilivyo kwa binadamu, bali ni ugonjwa wa fizi. Baada ya kula, utando laini hujipaka juu ya meno. Usiposafishwa, baada ya siku chache huwa ukoga mgumu wa rangi ya manjano au kahawia. Ukoga huo huusukuma ufizi, vijidudu hujificha chini yake, na polepole mfupa unaoshikilia jino huliwa. Mwishowe jino hulegea. Vijidudu pia huweza kuingia kwenye damu na kufika viungo vingine vya mwili. Mbwa na paka wengi huwa na dalili za ugonjwa huu wakiwa na umri wa miaka mitatu tu. Mbwa wa maumbile madogo huathirika zaidi kwa sababu meno yao yamebanana.

Dalili za kuangalia

Mbwa na paka hawalii wanapoumwa na jino. Huendelea kula kwa upande mmoja, au humeza bila kutafuna. Kwa hiyo mwenye mnyama aangalie haya:

- Harufu kali ya kinywa. Wengi hudhani ndiyo kawaida ya mbwa, lakini kinywa chenye afya hakinuki vibaya.
- Fizi nyekundu, zilizovimba au zinazotoa damu.
- Chakula kudondoka, au mnyama kukikaribia chakula kisha kurudi nyuma.
- Kujikuna uso kwa mguu, au kukataa kuguswa kichwani.
- Uvimbe chini ya jicho. Watu hudhani mbwa amepigwa au ana ugonjwa wa macho, kumbe ni usaha wa mzizi wa gego la juu.
- Paka kuacha kujilamba, manyoya yakawa machafu na kushikana.

Tahadhari kubwa: mate mengi na taya lililolegea

Hapa wakazi wote wasikilize kwa makini, hata wasiofuga mbwa. Mbwa anayetokwa na mate mengi, asiyeweza kumeza, ambaye taya limelegea au sauti imebadilika, huenda akadhaniwa ana mfupa uliokwama kooni. Mtu mwenye huruma hutia mkono kinywani kuutafuta mfupa huo. Dalili hizo hizo ni za kichaa cha mbwa. Si kila mbwa mwenye kichaa huwa mkali na kukimbia ovyo; wengine hupooza, wakawa wapole na kujificha. Virusi vimo kwenye mate, na huingia mwilini kupitia jeraha la kuumwa au hata mkwaruzo mdogo. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, ugonjwa huu karibu kila mara huishia kwa kifo.

Kwa hiyo mtu yeyote asitie mkono katika kinywa cha mnyama wa namna hiyo. Mnyama afungiwe mahali bila kuguswa, watoto wawekwe mbali, na afisa wa mifugo wa wadi aitwe. Aliyeumwa, au aliyeguswa na mate kwenye kidonda, jicho au kinywa, aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanzishiwa chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Asipake majani, mafuta wala pilipili.

Kenya ilijiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa. Lengo hilo litafikiwa kwa chanjo ya mbwa kila mwaka. Mbwa aliyechanjwa pia ni salama zaidi kwa yule atakayemfungua kinywa na kumsafisha meno.

Kusafisha meno nyumbani

Kazi hii huanza mnyama akiwa mdogo, kinywa chake kikiwa hakina maumivu. Siku za kwanza, mwenyewe ainue mdomo tu, aguse fizi kwa kidole na kumsifu mnyama. Baada ya siku chache, afunge kitambaa safi chenye maji kwenye kidole na kusugua upande wa nje wa meno, hasa magego ya juu. Upande wa ndani husafishwa kiasi na ulimi. Mnyama akizoea, mswaki laini wa mtoto unatosha. Ni bora kusafisha kila siku. Anayeshindwa asafishe mara kadhaa kwa wiki. Mnyama akipiga kelele za maumivu au fizi zikitoa damu nyingi, kazi isimamishwe na daktari aonwe. Mbwa mkali au asiyejulikana asisafishwe kabisa.

Dawa ya meno ya binadamu haifai, kwa kuwa mnyama hawezi kutema, na yote humezwa pamoja na floraidi iliyomo. Baadhi zina sukari mbadala iitwayo zailitoli, ambayo hushusha sukari ya damu ya mbwa na kuharibu ini. Zailitoli hupatikana pia katika baadhi ya chingamu zisizo na sukari. Chumvi nyingi nayo ni sumu, na mkaa hukwaruza meno. Maji safi na kitambaa ni bora kuliko vyote hivyo.

Chakula na mifupa

Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, huvunjika vipande vyenye ncha ambavyo huchoma kinywa, koo na matumbo. Mifupa mikubwa migumu nayo hupasua magego. Kipimo ni rahisi: kitu ambacho ukucha wa mtu hauwezi kukibonyeza ni kigumu mno kwa jino la mbwa. Mawe yasitumiwe kuchezea. Ugali uliolainishwa hushika kwenye meno, kwa hiyo anayempa mbwa ugali kila siku ana sababu zaidi ya kusafisha.

Dawa za maumivu za binadamu zisitolewe. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka, na ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa.

Wakati wa kumwona daktari

Ukoga ukishakuwa mgumu, kitambaa hakiwezi kuutoa. Daktari wa mifugo humlaza mnyama kwa dawa ya usingizi, akasafisha hadi chini ya ufizi na kung'oa jino lililooza. Kukwangua mnyama akiwa macho husafisha sehemu inayoonekana tu, huku ugonjwa ukibaki chini, tena anayekwangua anaweza kuumwa. Mwananchi ana haki ya kuuliza kama anayemtibu mnyama wake amesajiliwa na Kenya Veterinary Board.

Si kila nyumba itamudu gharama hiyo, na ndiyo maana kinga ina thamani. Kitambaa na maji havihitaji fedha. Pia chanjo ya kila mwaka ni nafasi nzuri ya kumwomba afisa aangalie kinywa cha mnyama.

Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Lakini ofisi haiwezi kuingia kila boma kila asubuhi. Mwenye mnyama ndiye wa kwanza kuona kwamba chakula cha jana kimebaki sahanini, na ndiye anayepaswa kuuliza sababu.