Kwa Nini Redio Hufifia Vilimani
(Mazungumzo na wasikilizaji wa Kangeta, Meru)



Twajua sote kwamba soko la miraa hufungwa au hufunguliwa kwa amri ya nchi za mbali. Mwezi wa Juni 2014 Uingereza iliipiga miraa marufuku. Mwezi wa Julai 2022 Somalia iliifungulia tena mlango. Mkulima akikosa habari kama hizo kwa sababu redio yake imefifia, aweza kuchuma mzigo usio na mnunuzi. Basi yafaa tujue sababu ya kufifia huko, tusije tukapoteza fedha kwa kununua redio mpya bure.

Tupeni mawe mawili katika maji yaliyotulia. Mawimbi yatapanuka na kukutana. Kilele kikikutana na kilele, maji hupanda zaidi. Kilele kikikutana na bonde, maji hutulia kana kwamba hapakutupwa kitu. Yakisha kupishana, kila wimbi hushika njia yake.

Redio nayo ni hivyo. Mawimbi ya FM huweza kuifikia nyumba kwa njia mbili: mengine hutoka mnarani moja kwa moja, mengine hugonga kwanza vilima vya Nyambene, kisha hurudi. Kilele kikikutana na bonde, redio hukwaruza.

Je, kutoka kilele hata kilele ni umbali gani? Mawimbi yote ya redio huenda hewani kwa mwendo mmoja, karibu mita milioni 300 kwa sekunde. Kituo cha megahezi 100 hutoa mawimbi milioni 100 kila sekunde. Idadi hiyo ndiyo iitwayo masafa. Gawanyeni mwendo kwa masafa, mtapata urefu wa wimbi: mita 3. Masafa yakizidi, wimbi hufupika.

Kwa hiyo, mahali pabaya na pazuri huweza kuachana kwa chini ya mita moja. Kabla ya kumlaumu fundi, isogeze redio hatua moja, usikilize tena.

Lakini wimbi la kilohezi 1,000 lina urefu wa mita 300. Hatua moja haifai kitu. Wimbi hilo hupinda vilima kwa urahisi, ila usiku jingine hurudishwa na tabaka za juu angani, likakutana na lile lipitalo ardhini. Tabaka hizo hazitulii, ndiyo maana sauti hupanda na kushuka. Hapo dawa ni subira.