Kupima Artemisinini: Kazi Inayoanza Shambani



Mkulima wa artemisia akifika maabara na kiganja cha majani kwenye mfuko, swali lake ni moja: "Yana dawa kiasi gani?" Anastahili jibu la kweli. Ninachotaka kusema leo ni kwamba jibu hilo huweza kuharibika kabla mashine haijawashwa.

Dawa hiyo, artemisinini ya kutibu malaria, hukaa hasa kwenye vifuko vidogo vilivyo juu ya majani na maua. Shina lina kidogo mno. Kwa hiyo kiganja kilichochotwa juu ya gunia, penye majani matupu, kitampa mkulima sifa ambazo gunia lake halina. Chota juu, katikati na chini, changanya, saga, ndipo upime. Pima na unyevu. Jani lenye unyevu wa asilimia 10 likionyesha artemisinini asilimia 0.8, kwa uzito mkavu ni karibu asilimia 0.89. Ripoti isiyosema ni uzito upi inamwacha mnunuzi na mkulima wagombane bure.

Halafu kuna joto. Nguvu ya molekuli hii iko kwenye daraja la atomu mbili za oksijeni, na daraja hilo ni dhaifu. Mtafiti Tu Youyou wa China aligundua kwamba kuchemsha kunaharibu dawa. Mwaka 1971 akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi, akafanikiwa. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 2015. Nasi tukaushe kivulini, tukamue kwa heksani au kiyeyushi kingine kisichohitaji moto mkali.

Sasa mashine, na hapa naomba tutulie kidogo. Artemisinini karibu haionekani kwa mwanga wa urujuanimno: hufyonza kidogo tu chini ya nanomita 220, mahali ambapo flavonoidi na takataka nyingine za jani hufyonza kwa wingi. Anayetia mkamuo mbichi kwenye spektrofotomita atapata namba nzuri ya kitu asichokijua. Ziko njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kuigeuza: sodiamu hidroksidi kwenye nyuzi 50 kwa nusu saa, kisha asidi, ipatikane molekuli inayofyonza vizuri kwenye nanomita 260. Ya pili ni kuitenganisha kwa kromatografia ya kimiminika, kisha kutumia kigunduzi kinachokausha kiyeyushi na kupima jinsi chembe zinazobaki zinavyotawanya mwanga. Mimi naipendelea ya pili, ila majibu ya kigunduzi hiki hayapandi kwa mstari ulionyooka. Lazima artemisinini safi ya kulinganishia ipimwe kwa viwango kadhaa, si kimoja.

Maabara isiyo na mashine hizo isikate tamaa. Bamba la silika lililopuliziwa anisaldehidi na kupashwa joto hutoa doa la waridi-zambarau, linalotosha kutenganisha shehena nzuri na mbovu.

Jaribio moja tusiliache kamwe: gawa sampuli mara mbili, ongeza miligramu 5 za artemisinini safi kwenye fungu moja, pima yote mawili. Tofauti ikiwa miligramu 4 tu, moja imepotea mikononi mwetu, na namba tuliyompa mkulima wa jana nayo inahitaji kurudiwa.