Kusoma kwa Mbali: Faida Zake na Taabu Zake

Hotuba ya Kamati ya Elimu iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme machache juu ya kusoma kwa mbali, ambako siku hizi watu wa vyuo hukuita elimu ya masafa, na ambako wazee wengi waliomo humu ukumbini walikujua kwa jina la kusoma kwa posta. Agizo hili lina sababu yake. Katika mkutano mkuu uliopita yalizuka maneno makali juu ya Mfuko wa Elimu. Baadhi ya wanachama walisema kwamba karo tunayowalipia watu wanaosoma wakiwa majumbani mwao ni fedha zinazotupwa baharini, wakataka zirudishwe katika misaada ya misiba na ya wagonjwa. Wengine wakajibu kwa ukali uleule. Shauri likaahirishwa mpaka leo, nasi tukapewa kazi ya kulichungua.

Yatupasa tuanze kwa kukiri. Wenye kulalamika hawakusema uongo. Tulipopitia daftari la Mfuko tuliona kwamba waliomaliza masomo ya namna hii ni wachache sana wakilinganishwa na walioanza. Basi tukawatembelea, waliomaliza na walioacha, tukakaa nao na kuwauliza. Haya tutakayoyasema yametokana na mazungumzo hayo zaidi kuliko na vitabu.

Yuko mzee wetu mmoja aliyetuambia kuwa shule isiyo na mwalimu mbele ya ubao si shule. Twamheshimu mzee wetu, lakini historia haimuungi mkono. Katika mwaka wa 1840, posta ya bei nafuu ilipoanzishwa Uingereza, Isaac Pitman alianza kufundisha hati mkato kwa barua. Wanafunzi walimpelekea kazi zao, naye akazisahihisha na kuzirudisha. Mwaka wa 1858 Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wasiosoma London, na baadaye Waafrika wengi walipata digrii zake bila ya kuuona mji ule. Hapa kwetu, mwaka wa 1967, iliundwa idara ya masomo kwa posta huko Kikuyu chini ya chuo kikuu cha Nairobi, na miongoni mwa waliohudumiwa walikuwemo walimu wa shule za msingi waliotaka kupanda daraja. Somo lilikuja kwa bahasha, na redio ikaongeza maelezo. Mwaka wa 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha shahada ya ualimu kwa njia hiyo. Jirani zetu wa Tanzania walianzisha Chuo Kikuu Huria chao kwa sheria ya mwaka 1992, nasi tukapata Chuo Kikuu Huria cha Kenya mwezi wa Agosti, 2023, ambacho makao yake yako Konza na mafundisho yake hupitia intaneti.

Kwa hiyo swali si kama kusoma kwa mbali ni kusoma. Swali ni kwa nini wengine humaliza na wengine hukwama njiani, hali karo iliyolipwa ni ileile.

Faida zake hazihitaji maneno mengi mbele ya watu wa Mombasa. Wengi wetu twafanya kazi kwa zamu, bandarini Kilindini, katika mahoteli, katika malori ya kwenda bara. Leo mtu yuko kazini mchana, juma lijalo yuko usiku. Hakuna darasa la jioni linaloweza kumfuata mtu kama huyo, lakini kitabu humfuata, na simu humfuata. Mwanachama wetu mmoja alikuwa mlinzi wa usiku katika ghala. Alisoma utunzaji wa ghala kwa muda wa miaka mitatu bila kuacha kazi na bila kukatiza ada ya shule ya watoto wake. Leo hailindi ghala mlangoni. Yumo ndani, anaandika bidhaa zinazoingia na zinazotoka. Angalisafiri kwenda kukaa chuoni, kazi ingalipotea mwezi wa kwanza, na nyumba ingalilala njaa mwezi wa pili.

Tulipomwuliza mwanachama huyo siri yake, tulitazamia atuambie habari za bidii. Yeye alitutajia jirani yake, mwalimu mstaafu, ambaye kila Jumamosi asubuhi humwuliza swali moja tu: umefika ukurasa wa ngapi? Mwalimu huyo hajui lolote juu ya maghala. Lakini mlinzi wetu alisema kwamba aliona haya kutaja ukurasa uleule wa Jumamosi iliyopita.

Neno hilo lilitufungua macho. Tuliporudi kwa wengine tulikuta kwamba kila aliyemaliza alikuwa na mtu: mke, ndugu, mwenzake wa kazini, au mwanafunzi mwingine wa somo lilelile. Na walioacha, karibu wote, walikuwa peke yao. Barua ya chuo ilikuja, au ujumbe ulikuja kwenye simu, na hapakuwa na mtu wa kuuliza uliujibu au hukuujibu.

Wazee watakumbuka habari za wafungwa wa Robben Island. Nelson Mandela na wenzake walisoma kwa posta wakiwa kifungoni, kila waliporuhusiwa, maana ruhusa hiyo iliweza kuondolewa kama adhabu. Mandela alipewa shahada yake ya sheria na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka wa 1989 angali mfungwa. Watu husimulia habari hiyo kuonyesha ushupavu wa mtu mmoja. Husahau kusema kwamba wafungwa wale walifundishana, aliyejua akimfundisha asiyejua, hata wakiwa machimboni kuvunja mawe. Bahasha ilitoka mbali, lakini darasa lilikuwa palepale.

Sasa tuseme habari ya mama mmoja, mwanachama wetu, ambaye aliacha masomo yake ya ualimu wa watoto wadogo alipofika katikati. Twamtaja kwa ruhusa yake, ila jina tunaliweka. Watu walikwisha kusema kwamba alishindwa. Yeye alitueleza hivi: mtu akitoka nyumbani na mkoba, majirani husema huyo aenda shule, wala hakuna amzuiaye, lakini mwanamke akikaa nyumbani, kitabu mapajani, husema huyo ana nafasi. Basi mgeni hukaribishwa kwake, mtoto wa jirani huachwa kwake, na chakula cha mchana humngojea yeye. Hata mumewe, ambaye ni mtu mwema na yumo humu ukumbini, hakupata kumwona akisoma, kwa sababu alisoma watu wote walipokwisha lala, na saa hizo usingizi ulikuwa na nguvu kuliko kitabu. Kwa maoni yetu mama huyu hakupungukiwa na akili wala na bidii. Alipungukiwa na mahali.

Taabu ya mahali tuliiona sote katika mwaka wa 2020. Tarehe 15 Machi Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule zote kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na watoto wengi hawakurudi darasani mpaka Januari, 2021. Masomo yalipelekwa kwa redio, kwa televisheni na kwa intaneti, na kwa hilo twawashukuru waliohusika. Lakini katika nyumba nyingi za wanachama wetu simu yenye intaneti ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya baba. Baba akienda kazini, shule ilikwenda pamoja naye mfukoni. Aliporudi jioni, watoto watatu wa madarasa mbalimbali waliigombania, na bando ilikwisha kabla ya wa tatu kufikiwa. Pengine stima ilikatika. Twasema haya kwa sababu wako watu wanaozungumza habari za intaneti kana kwamba imefuta umbali. Imefuta umbali wa Nairobi na Mombasa. Umbali ulioko ndani ya chumba kimoja chenye watu saba bado upo.

Iko taabu nyingine ambayo ni ya aibu, nayo ni wizi. Kijana wa mwanachama wetu alilipa karo kwa simu, sehemu yake ikitoka katika Mfuko huu, kwa chuo kilichojitangaza kuwa chatoa stashahada kwa miezi minne. Alipelekewa masomo mawili, kisha nambari ya simu haikupatikana tena. Kosa hilo ni letu sisi wa Kamati pia, maana tulitia sahihi bila kuuliza. Tangu sasa, kabla ya kutoa hata shilingi moja, jina la chuo kikuu litaulizwa kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na jina la chuo cha ufundi litaulizwa kwa mamlaka inayovisajili vyuo hivyo. Kuuliza ni jambo dogo, na tungalilifanya mapema.

Kamati haikuafikiana kwa sauti moja. Wawili wetu waliona malipo yote yasimamishwe mwaka mzima, mpaka madeni ya misiba yaishe, na hoja yao si nyepesi; maiti hangoji, bali somo laweza kungoja. Walio wengi tulijibu kwamba mtu wa miaka arobaini hangoji pia. Tumeafikiana hivi, nasi twauletea mkutano.

Karo isilipwe yote kwa mara moja. Mwanafunzi alipiwe sehemu ya kwanza anapojiandikisha, na sehemu zinazofuata alete kwanza alama za kazi aliyokwisha kuifanya. Asiyeleta asifuatwe kwa maneno mabaya, ila fedha zibaki katika Mfuko. Bwana Mweka Hazina amelifurahia shauri hili kuliko mengine yote, jambo ambalo halikumshangaza mtu.

Chumba cha nyuma cha ukumbi huu, ambacho sasa kimejaa viti vilivyovunjika na masufuria ya sherehe, kifunguliwe kila jioni na Jumamosi mchana kuwa chumba cha kusomea. Chama kilipie intaneti moja itakayotumiwa na wote, maana ni nafuu kuliko kila mtu kujinunulia bando yake ndogo ndogo. Saa za Jumamosi ziwe za akina mama kwanza, na watoto wao waangaliwe humu ukumbini na vijana wetu kwa zamu. Mama tuliyemtaja amesema kwamba chumba hicho kikifunguliwa atarudi kwenye masomo yake.

Zaidi ya hayo, mtu asianzishwe peke yake. Kila mwanafunzi apewe mlezi miongoni mwa wanachama. Mlezi si lazima ajue somo lenyewe; yatosha akijua kuuliza, kama alivyouliza yule mwalimu mstaafu. Wazee ambao hawakusoma sana wasijitoe katika kazi hii. Huko Tanzania mwaka wa 1973, katika kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walijifunza habari za maji, vyoo na malaria. Hawakuisikiliza redio kila mtu nyumbani kwake. Walikutana kwa vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Viongozi wale hawakuwa madaktari.

Mashauri haya matatu yatapigiwa kura mara baada ya taarifa ya Mweka Hazina. Mkutano ukikataa, Kamati itafunga daftari la wanafunzi mwisho wa mwezi huu na kuwaandikia barua wale wanaoendelea. Mkutano ukikubali, ufunguo wa chumba cha nyuma utakaa kwa Katibu Msaidizi, na walio tayari kuwa walezi waandike majina yao kwake leo kabla ya kuondoka. Viti vizima tunavyo vya kutosha. Meza zimepungua mbili, na seremala aliye mwanachama wetu amekwisha kuja kupima.