Haki Haiombwi kama Sadaka: Afya na Wenye Ulemavu katika Mitaa ya Eastlands



Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo ni njema, nayo makanisa yetu yameiishi: ni wangapi hapa Eastlands wamepata kiti cha magurudumu kwa mchango wa waumini? Hata hivyo, twataka kuiwekea mpaka. Muumini atoapo kiti, hutoa kwa moyo. Serikali ijengapo njia ya mteremko mlangoni pa zahanati, haimpi mtu sadaka. Inatimiza wajibu uliokwisha kulipiwa kwa kodi zetu.

Wajibu huo umeandikwa. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Ibara ya 54 inamhakikishia mwenye ulemavu heshima, njia ya kufika mahali pa umma, vyombo vya usafiri, na matumizi ya lugha ya ishara na maandishi ya Braille. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki hizi mwaka 2008. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliagiza majengo ya umma yarekebishwe. Mwaka 2025 nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya. Maandishi hayajatupungukia.

Kilichopungua ni utekelezaji. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo akaishi orofa ya nne ya nyumba isiyo na lifti hubebwa mgongoni hadi chini. Akifika Jogoo Road, kuna makondakta wasiotaka kumpakia pamoja na kiti chake. Hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo iko Lenana Road, upande wa pili wa jiji. Naye dada kiziwi, asipopata kliniki mhudumu ajuaye lugha ya ishara, hulazimika kwenda na jirani wa kumtafsiria, na siri ya ugonjwa wake ikawa mali ya mtaa.

Tena, wenzetu, tusidhani kwamba ulemavu na ubora wa matibabu ni mambo mawili yasiyokutana. Mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa aweza kupata mtindio wa ubongo. Umanjano mkali wa mtoto mchanga usipotibiwa mapema waweza kumwondolea uwezo wa kusikia. Mtoto aliyezaliwa na miguu iliyopinda ndani, akifungwa plasta mfululizo tangu majuma ya kwanza, kwa kawaida hutembea vizuri. Akicheleweshwa, kazi huwa ngumu zaidi. Kwa hiyo idadi ya wakunga wa zamu ya usiku ni suala la ulemavu pia.

Mahakama Kuu imekwisha kusema. Mwaka 2015 iliamua kwamba kuwazuilia akina mama wawili katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, kwa sababu walishindwa kulipa ada, kulivunja haki zao, ikaamuru walipwe fidia.

Tutajibiwa kwamba fedha hazipo. Basi na tuisome Ibara ya 20: serikali ikidai haina uwezo, mzigo wa kuthibitisha hivyo ni wake, na katika kugawa fedha yapasa kuzingatia walio wanyonge zaidi. Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, zahanati na vituo vya afya vya umma vya mitaa hii, pamoja na Pumwani na Mama Lucy Kibaki, ni jukumu la Kaunti. Twajua mlango wa kubisha.

Twapendekeza mambo matatu. Kwanza, makanisa yawahesabu wenye ulemavu, kwa ridhaa yao na ya jamaa zao. Sensa ya mwaka 2019 iliwapata asilimia 2.2 tu, ilhali Shirika la Afya Duniani lakadiria asilimia 16 ya watu wote ulimwenguni. Bila shaka wako waliofichwa vyumbani, na wanaotembelea wagonjwa wanazijua nyumba hizo. Pili, tuiandikie Kaunti kwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, tuulize ni vituo vipi vyenye njia za mteremko, vyoo vifaavyo na wakalimani. Jibu lapaswa kutolewa ndani ya siku 21. Tatu, makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Tufike kwenye vikao vya wananchi kabla yake, na tukipuuzwa tupeleke ombi rasmi kwa Bunge hilo.

Tarehe 7 Julai 1990 watu walielekea Kamukunji, hapa hapa Eastlands, kudai vyama vingi, wakapigwa. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Hawakuteswa ili sisi tupate mabango mengi ya uchaguzi, bali ili anayetawala aulizwe na ajibu. Asiyeweza kupanda ngazi za zahanati naye ni mwenye swali. Kila parokia na kila kamati ya mtaa ichague watu wawili, na barua ya kwanza iwe imepelekwa kabla ya mwezi huu kwisha.