Gharama na Faida ya Shahada ya Usimamizi wa Sheria
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Tumeombwa kusema juu ya jambo ambalo makarani wengi wa mahakama, polisi na magereza hulizungumza watokapo kazini: je, yafaa mtu mwenye kazi na watoto aiache meza yake aende kutafuta shahada ya mambo ya jinai? Elimu ni mali, hilo hatubishani. Lakini wahenga walisema pia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tulio watu wa daftari haitupasi kulisahau katika shauri letu wenyewe.

Kwanza na tuijue shahada yenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika Shule yake Kuu ya Sheria, hufundisha shahada ya usimamizi wa sheria kwa miaka 3. Shahada ya Sheria huchukua miaka 4. Wengi hudhani kuwa hizi mbili ni pacha, kwa sababu zakaa nyumba moja. Sivyo. Atakaye kuwa wakili hana budi kupita katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007. Na mlango wake hufunguliwa kwa Shahada ya Sheria, si kwa ile nyingine. Basi mwenye nia ya uwakili akichagua njia ya miaka 3 ili kuokoa mwaka mmoja, huenda akaupoteza ulimwengu mzima alioutamani.

Ama Jeshi la Polisi, hilo huandika vijana wa kidato cha nne, cha sita, wenye stashahada na wenye shahada. Tena matangazo yake huweka mpaka wa umri, na wengi wetu hapa tumekwisha kuupita. Kwa hiyo shahada hii humfaa zaidi aliye tayari ndani ya kazi ya ulinzi wa sheria, kuliko aliye nje akitumaini kuingia.

Sasa tufungue daftari. Tuseme karani ana miaka 35, na mshahara wake ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Akipewa ruhusa isiyo na mshahara kwa miaka 3, amekosa shilingi 21,600,000. Tuongeze ada na vitabu, tuseme 2,000,000 kwa mwaka. Jumla yawa 27,600,000. Akirudi na kuongezewa 300,000 kwa mwezi, itamchukua miezi 92 kurudisha alichotoa, yaani miaka 7 na miezi 8. Alimaliza masomo akiwa na miaka 38. Faida itaanza anapokaribia 46. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, basi yambakia miaka kama 14 ya kula matunda. Si hasara. Lakini mwenzetu aanzaye akiwa na miaka 45 atalipa deni lake mpaka karibu miaka 56, na chakula cha watoto katika miaka ile 3 ya kwanza hakimo katika hesabu hii.

Na akisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, akumbuke kwamba hukatwa 15 katika kila 100 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Kwa mshahara wa 600,000, hiyo ni 90,000 kila mwezi.

Liko jambo jingine ambalo limewaumiza wengi. Cheti hakipandishi mshahara chenyewe. Mtumishi hubadilishwa kada pale tu nafasi inapokuwamo katika ikama, yaani hesabu ya nafasi zilizokubaliwa na kutengewa fedha. Aliyekwenda bila barua ya mwajiri aweza kurudi na joho lake, akakuta meza ile ile na mshahara ule ule. Kila mwaka wa kungoja huisogeza ile miaka 46 mbele.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Mtu asiulize, "Shahada hii ni nzuri?" Aulize, "Nataka mlango gani, na ufunguo wake ni upi?" Apate barua ya ruhusa kabla ya kulipa senti moja. Amwulize afisa utumishi, kwa maandishi, kama kada anayoitamani imo katika ikama. Na kama ni sheria anayoitaka, aangalie Chuo Kikuu Huria, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1992: hapo mtu husoma huku akishika kazi yake, na zile 21,600,000 zafutika katika daftari. Atalipa kwa usiku wake na kwa miaka mingi zaidi, lakini nyumba yake haitalala na njaa.

Hatusemi haya ili kumvunja mtu moyo. Wenzetu wenye elimu ya upelelezi na ushahidi wanahitajiwa sana, maana jalada lililoandikwa vibaya laweza kumfunga asiye na kosa. Twasema tu kwamba safari ndefu huanza kwa kuhesabu akiba, si kwa kupiga vigelegele.