Tusiandike Kama Bulamatari

(Maneno tuliyoyasema mbele ya vijana wa chama wanaotaka kuandika katika karatasi hii)



Mmetuomba tuwaeleze namna ya kuandika habari za siasa kwa Kiswahili. Ombi hili lilitufanya tucheke kidogo, maana sisi wenyewe hatukufundishwa kazi hii. Shuleni tulifundishwa kuandika Kifaransa: barua kwa mkubwa wa kazi, yenye heshima nyingi mwanzoni, heshima nyingi mwishoni, na katikati maneno mawili ya kuomba ruhusa. Kiswahili kilikuwa cha nyumbani, cha sokoni na cha kanisani. Hakuna aliyetuambia kwamba lugha ya kununulia mihogo inaweza pia kuhesabu mapato ya inchi. Basi hatutasema kama mabwana wa elimu. Tutasema kama watu waliokosea, wakaona kosa lao, kisha wakakosea tena mahali pengine.

Kosa letu kubwa ni hili. Siku moja tulitoa karatasi ya kurasa nne ambayo tuliipenda sana. Habari ya kwanza ilikuwa na kichwa: Amkeni! Ya pili: Lipeni kadi zenu! Ya tatu: Acheni ukabila! Ya nne: Msiwasikilize wapinzani! Hata tangazo la mkutano lilisema: Fikeni wote bila kukosa, saa tatu kamili. Tulifurahi, tukaona kwamba tumeandika kwa nguvu. Karatasi ikapelekwa sokoni. Mama mmoja anayeuza sambaza, ambaye hajui kusoma, akampa mtoto wake amsomee. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akamwuliza kijana wetu aliyeileta:

"Mwanangu, ninyi ni watu wa kodi?"

"Hapana, mama. Sisi ni watu wa chama. Tunawatetea ninyi."

"Basi sababu gani munasema na mimi sawa na watu wa kodi?"

Kijana alirudi na habari hii akicheka. Sisi hatukucheka. Tuliketi tukaisoma karatasi yetu upya, tukaona kwamba mama amesema kweli. Katika kurasa nne hatukumweleza jambo hata moja. Hatukumwambia fedha ya kadi inakwenda wapi. Hatukumwambia wapinzani wamesema nini hata wasisikilizwe. Tulimwamuru tu, toka juu mpaka chini, na tulifanya hivyo kwa jina la uhuru wake.

Wandugu, sauti ile hatukuitunga sisi. Tuliirithi. Wazungu waliokuja kutawala Katanga na upande wa mashariki walijifunza Kiswahili katika vitabu vidogo vilivyotengenezwa kwa ajili yao. Mtu akivifungua ataona maneno mengi ni ya kuamuru: leta, beba, ondoa, fanya upesi, nyamaza. Maneno ya kumwuliza mtu anafikiri nini ni shida kuyapata humo. Lugha ya watu wenye mafumbo, mashairi na kesi za siku tatu chini ya mti, ikakatwa ikawa fimbo. Mkulima wa pamba aliijua sauti hiyo. Kilimo cha lazima kilianza wakati wa vita, mwaka 1917, na sheria ya mwaka 1933 ikaweka siku 60 kwa mwaka za kazi ya lazima. Mtu akiwa bado hajaona kofia ya askari, alikwisha kujua kwa sauti kwamba Bulamatari amefika.

Na sheria zenyewe zilikuwa wapi? Sheria kubwa ya koloni ya mwaka 1908 ilitaka amri za serikali ziandikwe na kuchapwa kwa Kifaransa na Kiflama. Angalieni vizuri jambo hili, maana ndipo shina la maneno yetu ya leo. Sababu ya amri ilibaki katika lugha za Ubelgiji. Amri peke yake ndiyo iliyovuka kuja katika Kiswahili. Babu zetu walipata "lima", hawakupata "kwa maana". Hata leo katiba ya mwaka 2006, katika mkato wake wa kwanza, inasema Kifaransa ndicho lugha ya serikali, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba ni lugha za taifa. Hatusemi kwamba Kifaransa kifukuzwe. Kinatupatia njia ya kusemezana na ndugu wa Matadi na wa Mbandaka, na chama kisichosemezana nao si chama cha inchi. Tunasema tu kwamba sababu nazo zivuke.

Wengine watatuambia: Kiswahili hakina mazoea ya kueleza mambo makubwa ya inchi hii. Hii si kweli, na tuna vitabu viwili vya kuwaonyesha.

Cha kwanza kiliandikwa na mtu ambaye hatumpendi. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Unguja, ambaye mwaka 1887 alifanywa liwali wa Stanley Falls, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akazichapa mwanzoni mwa karne ya 20. Humo Maniema yetu imo, njia zake, vita vyake, machifu wake. Imo kwa jicho la mtu aliyekuja kuchukua. Anasema wazi, hana haya, na anajua kusimulia. Ndiyo sababu inatuuma kukisoma: Kiswahili kile ni kizuri.

Cha pili kiliandikwa na mtu wa upande mwingine wa meza. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, André Yav aliandika habari za mji ule tangu mwanzo wake, kwa niaba ya watu waliofanya kazi ya uboyi katika nyumba za Wazungu. Kichwa chake ni cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini ndani ni Kiswahili cha Katanga kitupu. Anaeleza namna mji ulivyoanza, namna watu walivyofanya kazi, na majina ambayo wafanya kazi waliwapa Wazungu wao kwa siri. Fikirini, wandugu. Watu hawa kwa miaka mingi walisikia Kiswahili cha leta na ondoa, asubuhi mpaka usiku. Siku walipopata mashini ya kuandikia, hawakuandika amri. Walieleza.

Kiliandikwa bila kufuata kanuni za shule. Maneno yameshikana mahali fulani, yameachana mahali pengine, nukta ni chache. Mwalimu Johannes Fabian, aliyekitoa katika kitabu mwaka 1990, aliona kwamba ili kukielewa ni lazima kisomwe kwa sauti, na Mkongomani mwenzetu Kalundi Mango ndiye aliyekisoma hivyo. Masikio yakafungua kile ambacho macho yalishindwa. Tangu tuliposikia habari hiyo, hapa kwetu hakuna habari inayokwenda kwenye mashini kabla ya kusomwa kwa sauti mbele ya mtu mmoja asiyeiandika. Mara nyingi ni mlinzi wa mlango. Amekwisha kutukatalia habari nyingi, na tunamshukuru, ingawa si kila siku.

Sasa tuje kwenye kazi ya kutafsiri, maana hapo ndipo tunapotoka jasho.

Ninyi nyote mnajua siku ya 30 Juni 1960. Mfalme Baudouin alisema, Rais Kasa-Vubu akasema, kisha Patrice Lumumba akasimama, ambaye jina lake halikuwa katika mpango wa wasemaji. Hotuba zote tatu zilikuwa za Kifaransa. Lumumba alikuwa mtu wa kalamu: karani wa posta Stanleyville, aliyekwisha kuandika katika magazeti ya Kifaransa ya miaka ile. Katika hotuba yake alihesabu mateso moja moja, na kati ya hayo alikumbusha kwamba Mwafrika aliitwa kwa neno la "tu", si kwa urafiki, bali kwa sababu "vous" ya heshima iliwekwa kwa Wazungu peke yao.

Tulipotaka kuliweka jambo hili katika Kiswahili kwa wasomaji wetu, tulikwama. Kijana mmoja aliandika: walituita "wewe". Tukamsomea mlinzi. Akasema: "Sasa walitaka kuwaita nani?" Alikuwa na haki. Katika Kiswahili mtoto humwambia baba yake wewe, na Mkristo humwambia Mungu wewe. Tusi halimo katika neno. Tulijaribu mara tatu, nne. Mwishoni tuliacha neno la Kifaransa tukatafuta jeraha lenyewe, tukaandika kwamba mzee mwenye mvi na wajukuu aliitwa boyi na kijana aliyeshuka jana kutoka melini. Tulisema wazi pia kwamba hayo ni maelezo yetu, si maneno ya Lumumba, maana mfasiri asitie neno katika kinywa cha mtu asiyeweza tena kumkataza. Mlinzi hakuuliza kitu. Alitikisa kichwa tu, akarudi mlangoni.

Na mara nyingine tulishindwa kabisa. Tuliandika habari ya Union Minière, namna serikali ilivyochukua mali yake mwanzoni mwa mwaka 1967. Tukasema migodi "ilitaifishwa". Neno hili linatumika Tanzania, nasi tuliliona ni safi. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kutuuliza kwa huzuni sababu gani migodi ilipewa watu wa mataifa. Kwake yeye, msomaji wa Biblia, watu wa mataifa ni wapagani! Tulicheka, naye akacheka alipoelewa. Lakini kisha akauliza swali la pili: "Basi kama ilipewa taifa, mimi nilipata nini?" Hapo kicheko kikakatika. Tungaliandika tangu mwanzo "serikali ilinyang'anya kampuni migodi, ikasema tangu leo faida ni ya watu wote", swali lile lingalikuwa wazi kwa kila msomaji. Neno moja zuri la kuazima lilikuwa limelificha. Tena tulipolificha hatukujua kwamba tunalificha, na hilo ndilo linalotutia hofu kuliko kosa lenyewe.

Mtatuuliza: tuandike Kiswahili bora cha mapadri na cha vitabu, au hiki chetu cha mjini? Jambo hili limeleta ugomvi kati yetu, na hatujalimaliza. Wengine wanasema karatasi ya chama iwe na lugha safi, isichekwe Dar es Salaam. Wengine wanasema Dar es Salaam hawapigi kura hapa. Sisi tunaofanya kazi ya kusahihisha tumechagua njia ya katikati: sarufi iwe ya vitabu, maneno yawe ya watu, na mtu akisemwa, asemwe kama alivyosema. Hamkuona kwamba mama wa sambaza tulimwachia "munasema" yake? Kumsahihisha mtu anayetusahihisha ingekuwa kichekesho.

Tunajua kuna mkubwa mmoja humu ndani anayenung'unika. Anasema chama si darasa. Chama kina adui, na mbele ya adui watu huamriwa, hawaelezwi. Tunamjibu kwa heshima, kwa maana ameteswa kwa ajili ya chama hiki kuliko sisi. Mkutano wa hatari unaweza kuhitaji amri, na nyumba ikiwaka moto hatutaandika makala. Lakini mtu aliyeamriwa na sisi leo ataamriwa na mwingine kesho, kwa sauti ile ile, na hatakuwa na njia ya kutupambanua. Mama wa sambaza hakututambua. Alisikia kodi.

Basi kwa toleo linalokuja tumeamua hivi. Habari ya kadi itaandikwa upya kabisa, na itaanza na hesabu: fedha iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, na deni letu kwa mwenye nyumba. Mweka hazina amekwisha kutupa daftari yake, ingawa hakufurahi. Habari ya wapinzani itasema kwanza wao wamesema nini, kwa haki, kisha sisi tunajibu nini. Tumempa kazi hiyo kijana yule aliyepeleka karatasi sokoni, na akiimaliza, yeye mwenyewe ataipeleka kwa mama yule yule, atakaa chini karibu na beseni lake, naye atamsomea.

Rimu za karatasi zilizobaki ni mbili. Wino upo. Mwenye habari ailete kwa karani kabla ya Ijumaa, na akubali kukaa kidogo, maana itasomwa kwa sauti mlangoni.