Kompyuta Kuukuu si Chuma Chakavu

Yafuatayo ni mazungumzo ya fundi mmoja, aliyepata kuwa mwalimu, mbele ya walimu, makarani na wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, katika Wilaya ya Geita.



Nimeombwa nizungumze juu ya kompyuta za zamani, na hasa juu ya tabu inayozipata pale mfumo wake wa uendeshaji unapobadilishwa na kuwekwa mpya. Huenda mtu akasema kwamba katika mji wa dhahabu kama huu yako mambo makubwa zaidi ya kujadili. Lakini kila ofisi niliyoingia hapa nimeona kompyuta iliyofunikwa kitambaa pembeni, na nilipouliza nimejibiwa, “Hiyo imekufa tangu ilipowekewa mfumo mpya.” Mali hiyo ilinunuliwa kwa fedha za wazazi, za wanachama au za Serikali. Kwa hiyo yatupasa tuulize kama kweli imekufa, au tumeizika ingali hai.

Nianze kwa kisa kilichonipata. Katika shule moja ambayo sitaitaja, fundi aliitwa kuweka mfumo mpya katika kompyuta ya ofisi. Aliifanya kazi hiyo siku chache kabla ya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Kompyuta iliwaka vizuri na kila mtu alifurahi. Ilipofika saa ya kuchapa mitihani, printa haikutoa hata karatasi moja. Ilikuwa nzima, ina wino, na jana yake ilichapa barua. Lakini kompyuta haikuitambua tena. Mkuu wa shule alikwisha kuandaa barua ya kuwaomba wazazi wachangie printa mpya. Nami nilipoitwa nilikumbuka kwamba ghalani kulikuwa na kompyuta nyingine ya zamani, yenye mfumo ule wa kwanza. Tuliifuta vumbi, tukaiunganisha na ile printa, tukaleta mitihani kwa flashi baada ya kuikagua kama ina virusi, na mashine ikachapa hadi alfajiri. Ile barua ya michango haikutumwa.

Sasa tujiulize: kwa nini kifaa kizima kikatae kazi kwa sababu mfumo umebadilika? Sababu ni tatu, na mwenye kuzifahamu hadanganyiki kwa urahisi.

Sababu ya kwanza ni draiva. Draiva ni programu ndogo inayofanya kazi ya mkalimani kati ya mfumo na kifaa. Kompyuta haijui lugha ya printa wala ya skana. Humtegemea mkalimani huyo. Kila mfumo unapobadilika, mkalimani naye hana budi kuandikwa upya, na mtengenezaji wa kifaa cha zamani aghalabu haoni faida ya kufanya hivyo. Zaidi ya hayo, mifumo ya zamani mingi ilikuwa ya biti 32, na draiva zake haziwezi kutumika katika mfumo wa biti 64. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba, 2021, ni ya biti 64 peke yake. Hicho ndicho kilichoikuta printa ya ile shule.

Sababu ya pili ni masharti ya mfumo wenyewe. Windows 11 hudai chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, kumbukumbu ya kazi isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 katika diski, na prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa prosesa za Intel Core, zinazokubaliwa kwa jumla ni za kizazi cha nane na kuendelea, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017. Basi kompyuta nzuri ya mwaka 2015 hukataliwa mlangoni, hata kama inafanya kazi zake zote bila kusita.

Sababu ya tatu ni uzito. Mfumo mpya huja na mzigo mkubwa zaidi, na mashine iliyobeba mzigo wa zamani kwa wepesi huanza kuhema. Mwenyewe hudhani imezeeka, kumbe imetwishwa.

Ndugu zangu, jambo hili limekuwa kubwa duniani pote tangu tarehe 14 Oktoba, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Ilikwisha kufanya hivyo kwa Windows XP tarehe 8 Aprili, 2014, na kwa Windows 7 tarehe 14 Januari, 2020. Shirika la utafiti la Canalys lilikadiria mwaka 2023 kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 zingeweza kugeuka takataka kwa sababu ya uamuzi huo wa Windows 10. Na takataka za vifaa vya umeme zilikwisha kuwa nyingi kabla ya hapo: taarifa ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba katika mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo yake.

Sisi wa Nyarugusu hatuhitaji kufundishwa maana ya sumu inayokaa ardhini. Tunaijua zebaki, na tunajua madhara yake kwa mikono ya mama anayeosha mchanga na kwa maji ya bondeni. Ndani ya kompyuta mna risasi na madini mengine mabaya, na watoto wanaochoma nyaya ili wapate shaba huvuta moshi wake. Anayeiuza kompyuta nzima kwa bei ya vyuma chakavu hupata fedha ya siku moja, na moshi humbakia jirani.

Lakini hapa nataka niondoe dhana moja iliyoenea. Kompyuta yenye Windows 10 haikuzimika siku ile ya Oktoba. Iliendelea kuwaka na kuandika kama kawaida. Kilichokoma ni viraka vya usalama vya bure, yaani marekebisho ya kuziba nyufa ambazo wezi huzigundua kila mara. Microsoft iliweka mpango wa kuongeza muda wa viraka hivyo kwa watumiaji binafsi hadi tarehe 13 Oktoba, 2026. Baada ya muda kama huo kwisha, mashine iliyounganishwa na intaneti huwa kama nyumba yenye kitasa kibovu. Kwa ofisi inayoshughulika na fedha za watu na majina ya wanafunzi, hatari hiyo si ya kufanyia mzaha. Sisemi, basi, kwamba tubakie tulipo na kufumba macho. Nasema ziko njia za kupita kabla ya kutupa.

Njia ya kwanza ni kuuliza kabla ya kukubali. Kabla hujaweka mfumo mpya, andika katika daftari vifaa vyako vyote: printa, skana, mashine ya fotokopi, hata kile kipimo kinachounganishwa na kompyuta. Tafuta kama kila kimoja kina draiva ya mfumo huo mpya. Kisha nakili kazi zako zote katika diski nyingine, uiweke mahali pengine. Na usifanye kazi hiyo wiki ya mitihani wala siku ya kufunga hesabu.

Njia ya pili ni kuitengeneza mashine yenyewe. Vumbi la hapa kwetu, la barabarani na la makarasha, hujaa katika feni hadi prosesa ikaungua kwa joto. Mashine isafishwe, na ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa ibadilishwe. Kompyuta ikisahau tarehe kila inapozimwa, aghalabu kilichokwisha ni betri ndogo ya duara mfano wa sarafu, iitwayo CR2032, ambayo bei yake ni ndogo. Na tarehe isipokuwa sahihi, kurasa nyingi za intaneti hukataa kufunguka. Diski ya zamani yenye sahani inayozunguka ikiondolewa na kuwekwa ya SSD, na kumbukumbu ikiongezwa kutoka gigabaiti 2 hadi 4 au 8, mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huwaka kwa muda mfupi kabisa.

Njia ya tatu ni kubadili mfumo kwa mfumo mwepesi. Tangu mwaka 1991, alipoanza kijana wa Kifini Linus Torvalds, upo mfumo wa Linux, ambao mtu yeyote ana ruhusa ya kuuchukua, kuunakili na kuurekebisha bila kulipa. Matoleo kama Linux Mint na Debian hufanya kazi katika mashine ambazo Windows 11 imezikataa, na viraka vyake vya usalama huendelea kutoka. Programu ya LibreOffice huandika barua na hesabu za ofisi. Skana na printa nyingi ambazo watengenezaji wake wamezisahau bado zina wakalimani ndani ya Linux. Wala jambo hili si geni nchini: mwaka 2004 wataalamu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Ni kweli kwamba karani atahitaji siku chache za kujizoeza, na kwamba baadhi ya programu maalumu za Windows hazitakubali. Kwa hiyo ijaribiwe kwanza kwa flashi, bila kufuta kitu, ndipo uamuzi ufanywe.

Njia ya nne ni ile tuliyoitumia usiku ule: kuitenga mashine moja. Kama kuna kipimo au printa isiyoweza kufanya kazi ila kwa mfumo wa zamani, iachiwe kompyuta yake, na kompyuta hiyo isiunganishwe kamwe na intaneti.

Iko na njia ya tano ambayo siisifu, nayo ni ya kuulazimisha mfumo mpya uingie kwa hila katika mashine isiyokubaliwa. Mafundi wengi huifanya, na mara nyingi mashine huwaka. Lakini Microsoft imekwisha kutamka kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kudai viraka. Fundi akikufanyia hivyo bila kukueleza, hakukutendea haki.

Ndugu Mwenyekiti, nchi yetu ina historia katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali, aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye ililetwa mashine kubwa zaidi, na mradi wa kuweka hesabu za Serikali katika mashine hiyo haukuleta matunda yaliyotarajiwa. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uagizaji wa kompyuta bila kibali. Wako waliousifu uamuzi ule na wako walioulaumu kwa kutuchelewesha. Mimi najifunza jambo moja: mashine mpya, pasipo watu wetu wanaoielewa, yaweza kuwa hasara kubwa kuliko ya zamani tunayoijua.

Na kuelewa mashine ni kazi tuliyoizoea hapa. Katika nchi hii ya Geita Walongo walifua chuma vizazi vingi kabla ya sisi. Mchimbaji wa leo, karasha lake likiharibika beringi, hutafuta beringi. Gololi zikilika, huongeza nyingine. Injini ya dizeli ikichakaa na umeme ukifika, huweka mota, na pipa hubaki lile lile. Sijamwona mwenye karasha anayetupa pipa kwa sababu injini imebadilika. Kwa nini basi tuwe wepesi wa kutupa kompyuta?

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Iko mashine ambayo kweli imefika mwisho: ubao wake mkuu umeungua, au hula umeme mwingi kwa kazi ndogo, au matengenezo yake yanazidi bei ya nyingine iliyotumika. Hiyo ing'olewe vipuri vyake vizima, na mabaki yake yapelekwe kwa wanaoshughulika na takataka za namna hiyo, siyo kwenye moto wa uani.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, shule na ofisi zetu zikae pamoja na kuorodhesha kompyuta zote zilizofunikwa vitambaa. Pili, vijana wawili au watatu wenye moyo wa kazi wafundishwe kuzifungua, kuzisafisha na kuziwekea Linux. Mimi niko tayari kuwafundisha kila Jumamosi bila malipo. Tatu, pasiwepo mfumo mpya utakaowekwa katika kompyuta ya umma kabla ya daftari la vifaa kuandikwa na kazi zote kunakiliwa.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu uko pale pembeni, chini ya kitambaa. Kesho asubuhi mtakaporudi ofisini, ufunueni, muuwashe, mtazame unasema nini. Kisha njooni mnieleze.